Redio ya gari haishiki? Anzia kwenye umeme wa busta kabla ya kununua antena

Gari nyingi zinazotembea Tabora siku hizi, hasa za mtumba kutoka Japani, hazina tena ufito wa antena unaochomoza kwenye fenda. Antena imechorwa kwenye kioo cha nyuma, au kioo cha ubavuni nyuma kabisa, kwa mistari myembamba ya kahawia iliyoshikana na kioo. Mawimbi yanayonaswa na mistari hiyo ni dhaifu, kwa hiyo mtengenezaji huweka kisanduku kidogo cha kuyakuza karibu na kioo, kabla hayajasafiri kwenye waya mrefu mpaka dashibodi. Kisanduku hicho ndicho amplifaya ya antena, ambayo mitaani wengi huiita busta.

Redio ikianza kukwaruza, ushauri wa haraka unaotolewa ni "nunua antena ya kubandika" au "badilisha busta". Nakusihi usitoe hela bado. Busta haifi ovyo. Kinachoisumbua mara nyingi ni kunyimwa umeme, na huwa imenyimwa siku redio ilipobadilishwa bila mtu kuunganisha waya mmoja mwembamba wa buluu. Kazi hii inafanyika vizuri ukitoka kwenye redio kurudi nyuma, kituo kwa kituo, bila kuruka. Anayeanza kwa kubandua kava za nyuma kabla ya kupima mbele huvunja klipu na hajui alichokuwa anakitafuta.

Utahitaji mita ya umeme ya kawaida, waya laini wa sentimita 75, bisibisi, tepu ya umeme, karatasi ya alumini, spiriti, na kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia kava. Testa ya taa iache kwenye boksi, kwa sababu waya tutakaopima unatoa umeme kidogo na mita ndiyo inayousoma bila kuubebesha mzigo.

Hakikisha kosa ni la antena

Piga wimbo kwa USB au bluetooth. Sauti ikitoka safi, spika na upande wa sauti wa redio ni vizima. Kisha peleka gari mahali pa wazi, mbali na mapaa ya bati na nyaya kubwa za umeme, uliegeshe karibu na gari jingine ambalo redio yake inashika. Wekeni stesheni ileile kwa wakati uleule. Hakuna kipimo cha bure kinachokizidi hicho.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na ardhi yake ni bapa, kwa hiyo stesheni ya mjini hufifia polepole kadiri unavyotoka nje ya mji. Hilo ni la kawaida kwa kila gari. Kwa ndugu zetu wa Kigoma hali ni nyingine: vilima vinavyoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika hukata mawimbi ghafla, halafu ukitokea upande unaotazama maji unaweza kusikia stesheni za Burundi na Kongo kana kwamba mtangazaji yuko Ujiji. Huo si ubovu.

Sasa suala la Japani, maana limewapotezea watu wengi fedha. FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio nyingi za kule huishia 90, nyingine mpya 95. Sisi tunatumia 87.5 mpaka 108. Redio iliyokuja na gari itashika zile stesheni chache zilizo chini ya 90, au 95, tu, na hakuna antena duniani itakayobadilisha hilo. Dawa ni kufunga redio nyingine, au kufunga kile kifaa kidogo kinachoshusha masafa, maarufu kama ekspanda. Ikiwa ekspanda yako inashusha kwa 14, stesheni ya 98.0 utaikuta kwenye 84.0.

Tatizo huja baadaye. Mtu ananunua redio ya Android inayofika 108, fundi anaifunga, na ekspanda inaachwa ileile njiani kati ya antena na redio. Stesheni zinakuwa zimehamishwa au zinakoroma. Fuata waya wa antena nyuma ya redio; ukikuta kiboksi chenye waya wake wa umeme na maandishi ya masafa, kitoe na uchomeke antena moja kwa moja.

Angalia pia mpangilio wa eneo ndani ya redio yenyewe. Ikiwekwa Marekani itaruka kwa hatua za 0.2 na kutua kwenye desimali witiri tu, 92.3 kisha 92.5, kwa hiyo stesheni ya 92.4 hutaipata sawasawa hata ukiwa chini ya mnara wake. Weka Ulaya.

Pima redio kwa kipande cha waya

Toa redio kwenye dashibodi bila kuikatia umeme. Chomoa plagi ya antena kwanza na uitazame: imekuwa imeingia hadi mwisho? Ile pini ya katikati imenyooka? Plagi iliyoingia nusu inatoa dalili zote za antena iliyokufa.

Chukua ule waya wa sentimita 75, menya ncha, uiingize kwenye tundu la katikati la soketi ya antena ya redio bila kugusa ukingo wa chuma. Waya mwenyewe unyooshe kuelekea kioo cha mbele. Urefu huo ni robo ya wimbi la FM la megahezi 100, ndiyo maana unafanya kazi vizuri. Stesheni zikija kwa nguvu, redio ni nzima na ubovu uko nyuma yako. Zisipokuja hata zile za hapa hapa mjini, ubovu uko ndani ya redio, na kazi ya kioo unaweza kuiacha leo.

Umeme wa busta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mzee mmoja alileta Noah yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, hii redio inashika mjini tu. Nikikaribia Ndono kwenye njia ya Urambo, ni upepo mtupu." Nikamuuliza, "Na AM je, mzee wangu?" Akasema, "AM ilikwisha siku ile nilipofunga redio mpya." Jibu hilo lilitosha kunipeleka moja kwa moja kwenye waya wa buluu, na ndiko kosa lilikokuwa. Busta isiyo na umeme haizibi mawimbi yote. Yale ya mnara wa karibu hupenya kidogo, ndiyo maana mjini redio inaonekana kupona. Lakini AM, ambayo kwenye antena ya kioo inaitegemea busta karibu kwa kila kitu, hunyamaza kabisa. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, jaribu AM usiku, saa ambazo mawimbi yake husafiri mbali na kwa kawaida utasikia stesheni hata za nchi jirani. FM hafifu pamoja na AM iliyokufa ni alama ya busta isiyo na umeme.

Redio nyingi za kununua dukani zina waya wa buluu kwa ajili ya antena, na mwingine wa buluu wenye mstari mweupe kwa ajili ya amplifaya kubwa ya spika. Nyingine zina mmoja tu. Kwenye baadhi ya redio, ule wa buluu hutoa umeme wakati unasikiliza FM au AM pekee. Ukihamia USB unakatika. Kwa hiyo pima redio ikiwa kwenye FM.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi ishike kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi, ncha nyekundu kwenye waya wa buluu nyuma ya redio. Inatakiwa isome karibu na volti 12. Ukisoma sifuri hapo, redio haitoi. Ukisoma 12, nenda nyuma sasa.

Busta utaikuta chini ya kava ya nguzo ya nyuma, juu ya dari karibu na kioo, au ndani ya mlango wa nyuma. Njia rahisi ya kuipata ni kuangalia mistari ya kioo ilipoishia: kuna kibati kidogo chenye waya mfupi, na waya huo unaelekea kwenye busta. Bandua kava taratibu kwa plastiki, si kwa bisibisi. Kwenye nguzo yenye maandishi ya begi la hewa, zima gari, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kitu. Mkono wako una thamani kuliko redio. Kava ikishatoka na waya za begi ziko salama, rudisha betri ndipo upime.

Busta ya kawaida ina waya mnene wa antena unaokwenda mbele, waya mfupi au miwili inayotoka kwenye kioo, na waya mmoja mwembamba wa umeme. Pima huo mwembamba redio ikiwa FM. Volti 12 zikiwapo, ruka mpaka sehemu ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Zisipokuwapo ilhali mbele zipo, waya umekatika njiani au haukuwahi kuunganishwa.

Kujua waya huo uliishia wapi, zima gari, chomoa soketi ya busta na soketi ya redio, weka mita kwenye mlio wa kupima njia ya waya, kisha gusa waya wa umeme wa busta upande mmoja na kila tundu la soketi ya gari iliyokuwa ya redio ya zamani upande wa pili. Tundu litakalolia ndilo la antena. Unganisha hapo waya wa buluu wa redio mpya. Usiende kwa rangi za waya za gari, kwa sababu hubadilika toka modeli hadi modeli.

Kama hutaki kusubiri, jaribu moja kwa moja: pitisha waya kutoka ACC (umeme unaopatikana ufunguo ukigeuzwa tu), kupitia fyuzi ya ampea 1, hadi kwenye waya wa umeme wa busta. Redio ikifufuka hapo hapo, umepata jibu. Na ikiwa redio haitoi kabisa umeme wa buluu, unaweza kuuacha mpango huo wa ACC uwe wa kudumu. Usichukue umeme wa betri wa moja kwa moja; gari likilala siku kadhaa, busta itaendelea kula.

Tahadhari moja kubwa: waya wa buluu usiguse bodi hata kwa sekunde. Njia yake ndani ya redio ni nyembamba na huungua kwa shoti ndogo. Ufunge tepu kila unapouacha.

Gari za Volkswagen na Audi hupangwa tofauti. Nyingi hazina waya wa pekee wa umeme. Volti 12 hupita ndani ya waya uleule wa antena. Ukifunga redio ya kawaida hapo unahitaji adapta yenye mkia wa buluu, inayoingiza umeme upande wa antena na kuuzuia usirudi kwenye redio. Usijaribu kamwe kuusukuma umeme kwa mkono kwenye kiini cha waya wa antena bila adapta hiyo. Utaua kipokeaji cha redio.

Ethi

Busta hupata ethi kupitia bolti inayoifunga kwenye bodi. Vumbi jekundu la njia zetu na unyevu wa masika hupenya nyuma ya kava, na gari lililonyooshwa bodi mara nyingi limepakwa rangi mpaka kwenye tundu la bolti. Busta ikiwa imewashwa, pima volti kati ya kasha lake la chuma na chuma safi cha bodi. Ikizidi 0.1, fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ufunge tena. Dakika tano tu, na mara nyingine ndiyo dawa nzima.

Busta yenyewe ni nzima?

Umeme upo, ethi ipo, bado redio inakoroma. Sasa ndiyo ruhusa ya kuishuku. Chomoa waya wa kioo kwenye busta na mahali pake chomeka ule waya wetu wa sentimita 75, ukining'inia hewani bila kugusa chuma. Stesheni zikija, busta na waya unaokwenda mbele ni vizima, na ubovu umebaki kwenye kioo. Zisipokuja, toa busta kabisa na ugusishe waya huo kwenye kiini cha waya wa antena unaokwenda kwenye redio. Zikija sasa, busta ndiyo iliyokufa. Zikikosekana hata hapo, waya wa antena kati ya busta na redio ndio wenye kosa.

Ukiifungua busta na kukuta kutu ya kijani kwenye plagi, isafishe kwa spiriti na mswaki wa zamani kabla ya kuhukumu. Na ujue kwamba busta ya gari la soko la Japani ilipangwa kwa masafa ya kule, kwa hiyo stesheni ya 89 inaweza kushika kwa nguvu kuliko ya 104 hata kila kitu kikiwa sawa.

Waya wa antena

Chomoa ncha zote mbili. Rudisha mita kwenye mlio wa kupima njia ya waya: kiini kwa kiini isome karibu na sifuri. Kiini na wavu wa nje visikutane kabisa. Mita ikilia hapo, kuna shoti, mara nyingi mahali skrubu ya kava au ya spika ilipopenya waya. Kwa gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, usiache kukagua lile bomba la mpira karibu na bawaba. Waya hukunjwa hapo kila unapofungua mlango. Nje ganda linaonekana zima, ndani shaba imekatika. Vuta kila waya kidogo: uliokatika utanyooka kama mpira. Dalili yake ni redio inayokata na kurudi mlango ukitikiswa.

Mistari ya kioo

Sasa tumefika kwenye kioo, na kosa linaloonekana mara nyingi hapa ni la wembe. Mtu anabandua tinti ya zamani, anakwangua gundi kwa wembe, na anakata mistari bila kuiona. Kama unataka kutoa tinti, ilainishe kwa maji ya moto yenye sabuni na uivute kufuata mistari, bila wembe upande wa ndani. Tinti yenye chembe za chuma nayo huzuia mawimbi. Ukiifunga kwenye kioo chenye antena, redio itadhoofika hata kama hakuna mstari uliokatika.

Tofautisha aina mbili. Mistari ya kulala inayoungana na mikanda mipana pembeni ni ya defoga, ile ya kuondoa ukungu. Ile michache iliyo juu au chini yake, isiyofika kwenye mikanda, ndiyo ya antena. Kwenye baadhi ya gari defoga yenyewe ndiyo antena, na hapo utakuta koili au kisanduku kingine kwenye waya wa defoga, kazi yake ni kuzuia mawimbi yasipotelee kwenye umeme wa gari. Mtu akiunganisha defoga moja kwa moja na kuiruka koili hiyo, ukungu utaondoka lakini redio itakufa.

Kwa mistari ya antena pekee, funga karatasi ya alumini kwenye ncha za mita zisije zikakwaruza, weka moja kwenye kibati cha waya na nyingine itembeze kwenye mstari. Pale usomaji unapopotea ndipo palipokatika. Kwa defoga, iwashe injini ikiunguruma, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu katikati ya kila mstari. Mstari mzima husoma volti 6 hivi. Ukisoma 12, mkato uko kati yako na upande wa ethi. Ukisoma sifuri, uko upande wa umeme. Sogeza ncha mpaka pale volti zinaporuka ghafla, uweke alama kwa nje ya kioo.

Kuziba ni kazi ya utulivu. Zima kila kitu. Safisha sehemu kwa spiriti. Bandika tepu juu na chini ya mstari, ukiacha mwanya wa upana wa mstari wenyewe. Paka rangi ya fedha inayopitisha umeme, ya kurekebishia defoga, ikivuka mkato kwa sentimita moja kila upande. Ibandue tepu kabla rangi haijakauka kabisa, uiache mpaka kesho yake ndipo uwashe defoga.

Kibati kikibanduka, gundi ya kawaida ya papo kwa papo haifai. Inashika lakini haipitishi umeme. Tumia gundi ya fedha. Chuma cha kulehemu chenye moto mkali kwenye kioo baridi kinaweza kukipasua, na hapo bei ya kazi inabadilika kabisa.

Kama kelele hufuata injini

Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta si wa antena. Zima injini uache redio. Ukipotea, fuatilia oltaneta na waya za plagi za injini. Halafu chomoa kimoja kimoja: chaji ya simu kwenye soketi ya sigara, kamera ya dashibodi, taa za LED. Chaji za bei ndogo ndizo zinazochafua FM zaidi ya vyote.

Kioo kikiwa si chake

Kioo kilichobadilishwa baada ya kuvunjika huenda hakina mistari ya antena, au kina vibati visivyolingana na soketi zako. Hapo ndipo antena ya kununua inapostahili. Chagua ya paa yenye bolti inayoshika ethi kwenye chuma, ukiweza. Ya kubandika ndani ya kioo cha mbele iwe na busta yake na uiunganishe na waya wa buluu. Busta ya zamani ya nyuma itoe njiani.

Kabla ya kurudisha kava, washa redio, injini, defoga na taa kwa pamoja, fungua na kufunga mlango wa nyuma mara kadhaa, kisha zunguka na gari mpaka nje ya mji kwenye stesheni iliyokuwa ikikusumbua. Ikishika mwendo wote, gonga klipu zirudi mahali pake.